Majibu ya Uzi

Dada yetu mkubwa anafanya kazi ambayo ukiitaja mbele za watu lazima mmoja acheke. Anachunguza mafuta. Si ya kupikia wala ya taa, ni haya ya mwilini, tunayobeba kiunoni na kuyaficha kwa nguo pana. Mtaani walimwita Mama Mafuta, na wenye utani wao walishika matumbo wakimwona anapita: "Daktari, njoo uchukue mzigo wako huku!" Hakukasirika. Alisimama, akaweka mkoba chini, akaanza kuwaeleza palepale juani, hadi aliyemtania akajuta kufungua mdomo.

Alichokuwa akieleza nimekisikia mara nyingi kiasi kwamba mimi, msusi wa nywele, ningeweza kukifundisha darasani. Mafuta ya mwili hayajalala tu. Yanafanya kazi. Yanatoa homoni, na homoni hizo huingia kwenye damu na kwenda kusema na viungo vingine: hii inauambia ubongo kwamba tumeshiba, ile inaiambia misuli ifungue mlango sukari iingie. Mafuta yakiharibika, ujumbe haufiki, sukari inabaki inazurura kwenye damu, na hapo ndipo kisukari kinapopiga hodi. "Si wingi wa mafuta," alikuwa akisema huku akigonga meza kwa kidole, "ni kazi yanayofanya. Mnene anaweza kuwa nayo tele na yote mazima. Na mwembamba akawa nayo kidogo, na hicho kidogo kikawa kibovu."

Maneno hayo ya mwisho naomba uyashike, maana yeye mwenyewe aliyasema kila siku na hakuyashika.

Alianzia kwa mama. Mama alikuwa mnene, akaugua sukari, na kila alipokwenda kliniki alirudi amegombezwa kama mtoto aliyekutwa kabatini. Punguza kula, mama. Jihurumie, mama. Alipunguza mpaka akawa anakula kwa aibu, ametupa mgongo. Macho yakazima kwanza, halafu na yeye akazimika. Dada Mkubwa alikuwa chuoni wakati huo, akabadili masomo yake yote. Alitaka kuwaonyesha wale waliomgombeza kwamba mama hakuwa na kosa. Nadhani mpaka leo anabishana nao kichwani.

Tukabaki mabinti watatu: yeye, wa kati, na mimi kitindamimba. Wa kati tulimwita Uzi, kwa wembamba wake na kwa kazi yake pia. Alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha kazi kikitazamana na saluni yangu, na alishona peku siku zote kwa sababu alisema mguu wenye kiatu hausikii pedali. Mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Mimi nilirithi umbo la mama lote, bila kuacha hata kidevu cha pili, na kwa hiyo nilirithi pia wasiwasi wa Dada Mkubwa.

Kila Jumamosi jioni alinipigia simu. "Kesho asubuhi nakuja. Kabla hujala chochote." Jumapili akafika na kimashine chake, akanichoma kidole mezani, akakodolea macho namba kama anayesubiri hukumu. Uzi naye alikuwa pale, maana Jumapili tulikula pamoja, ameshika mkate wenye jamu pande zote mbili. "Mchome vizuri," alimwambia, "huyo ana stoo." Siku moja nilichoka kuchomwa peke yangu, nikasema na Uzi achomwe. Dada Mkubwa akamtazama juu mpaka chini. "Huyu nimchome wapi? Sindano si itatokea upande wa pili!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kicheko kile bado nakisikia, na sikipendi.

Basi mradi wake mkubwa ukaanza. Alitaka watu mia mbili wenye miili ya kila aina wakubali kutoa kipande kidogo cha mafuta. Unachomwa ganzi pembeni ya kitovu, unachanwa kidogo, kinatolewa kipande kama punje ya hindi, unashonwa. Kipande kinapewa namba. Jina la mwenyewe linabaki kwa nesi wa mradi, kwenye kabati lililofungwa, na Dada Mkubwa haruhusiwi kulijua. Kwake kinafika kichupa chenye namba, na karibu na namba wameandika mwanamke au mwanamume, umri na uzito. Nilimuuliza kwa nini mtu ajifumbe macho kwa makusudi. Akasema ukimjua mtu unaanza kumwonea huruma, na ukimwonea huruma unaanza kuona unachotaka kuona. Sheria nyingine ilikuwa kwamba ndugu wa mtafiti haruhusiwi kabisa kushiriki, kwa sababu hiyohiyo.

Wanene walijitokeza tele. Wembamba hawakuja. Nani mwembamba akubali kuchanwa tumbo kwa ajili ya ugonjwa anaoamini si wake? Jumapili moja Dada Mkubwa alikaa mezani na uso umemshuka. "Bila wembamba wa kulinganisha, kazi yote bure," alisema. "Nitaandika nini? Kwamba wanene ni wanene?" Uzi alimsikiliza, kisu mkononi. Aliendelea kupaka jamu.

Baadaye wembamba walipatikana, watano katika mradi mzima. Wanne wanaume, mmoja mwanamke. Na huyo mwanamke ndiye aliyemrudishia Dada Mkubwa roho. Mafuta yake yalikuwa kiduchu, lakini ile homoni inayofungulia sukari mlango ilikuwa chini kuliko ya mtu yeyote, chini hata ya wanene waliokwisha kuugua. Ilikuwa ndiyo hoja yake yenyewe, imejileta ndani ya kichupa. Hakuwa na jina la kumwita, akamwita Mwembamba.

Nilikwenda maabara mara moja wakati huo, kumpelekea funguo alizosahau kwangu. Ni chumba chenye taa nyeupe na harufu ya spiriti, na pembeni kuna friji ya kimo cha kabati la nguo, ambayo baridi yake inaunguza mkono usio na glavu. Nilimkuta ameifungua, mvuke umemfunika uso, anatoa kisanduku. "Habari za asubuhi, Mwembamba wangu," alisema, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Vijana wa maabara wakanikonyeza. Kumbe ilikuwa desturi yake ya kila siku. Nilicheka na mimi. Afadhali kumsalimia aliyegandishwa kuliko kuongea peke yake, nilijiambia.

Habari za Mwembamba zikafika mezani Jumapili. Dada Mkubwa alikuwa na furaha ambayo hatukuiona tangu mama yupo. Alisema kuna mtu mwembamba kama fito ambaye kwa macho yake ya kitaalamu amebakiza miaka michache tu kabla ya kupata sukari, naye anatembea zake barabarani hana habari. Alisema atamwandika kwenye jarida kubwa. Alisema dunia itabidi imsikilize.

Uzi akaweka kikombe chini. "Na huyo mtu ameshaambiwa?"

"Aambiwe nini? Hii homoni bado tunaichunguza, haijawa kipimo cha hospitali. Majibu yake hapewi mtu."

"Lakini kama wewe unaona ana hatari?"

"Mimi simjui ni nani, mdogo wangu. Ndiyo utaratibu. Ila nesi huwapima sukari ya kawaida siku ya kwanza. Mwenye tatizo kubwa anaambiwa palepale."

"Kwa hiyo asiyeambiwa hana tatizo kubwa."

"Eeh, kwa leo hana." Akachukua mkate. "Hebu nipe hiyo jamu."

Uzi akampa jamu. Nilikuwepo, nimekaa katikati yao. Sikuona chochote usoni pake zaidi ya mtu aliyeridhika na jibu.

Miaka mitatu ikapita. Uzi akazidi kukonda, tukasema ni kazi. Akawa anakunywa maji jagi zima, tukasema ni joto la chumba chake. Nywele zilinibakia mkononi nilipomsuka, nikalaumu dawa za kunyoosha. Kila dalili tuliipatia sababu, tena sababu nzuri. Dada Mkubwa alikuwa akija Jumapili, ananichoma kidole mimi, anafurahi namba yangu, anaondoka.

Kisha siku moja mteja aliyekuja kuchukua gauni akaona damu kwenye pedali ya cherehani. Alipiga kelele, nikavuka barabara na kitana mkononi. Uzi alikuwa anashona. Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo wake, kichwa tu ndicho kimebaki nje, na nyama kuizunguka imeshageuka rangi. Haikuingia siku ile. Hakujua iliingia lini. "Haiumi," aliniambia, ananitazama kama mimi ndiye mwenye shida. "Mbona haiumi?"

Hospitali, mashine ya sukari ilikataa kutoa namba. Iliandika tu kwamba imepita kiwango. Walikata vidole viwili, wiki iliyofuata wakakata mguu chini ya goti. Dada Mkubwa alihamia pale wodini. Aliwahoji madaktari wadogo kama anawafanyia mtihani, akabishana nao juu ya dozi ya insulini, akawaomba radhi, akabishana tena. Usiku hakulala, mchana hakukaa. Hakulia, na hilo lilinitia hasira, maana mimi nilikuwa nimelia mpaka kope za bandia zikadondoka.

Asubuhi moja tulikuwa tunamwogesha kitandani. Mimi nimeshika beseni, yeye kitambaa. Alimpangusa kifua, akashuka tumboni, na kitambaa kikasimama pembeni ya kitovu. Palikuwa na kovu dogo, limelala, upande wa kushoto, la nyuzi mbili. Nilidhani ni alama ya utotoni. Dada Mkubwa alilijua vingine. Yeye ndiye aliyeamua wachane upande ule, kwa ulalo ule, ili kovu liwe dogo. Alikuwa ameliona kwenye picha za matumbo na wakati wa mafunzo. Aliweka kidole juu yake taratibu.

"Hili kovu ni la kwetu," alisema.

Uzi alicheka kidogo, kile kicheko chake kirefu kimebaki kifupi. "Aliyenishona hajui kushona. Nilitaka nimnyang'anye sindano."

"Uzi. Ulikwenda mradini?"

"Ulisema unahitaji wembamba. Nikamwambia nesi sina ndugu huko ndani."

Mwanamke mmoja tu. Umri wa Uzi, uzito wa Uzi, vimeandikwa pembeni ya namba, na Dada Mkubwa amevisoma kila asubuhi miaka yote hiyo. Niliona vinamwingia kimoja kimoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenitoa." Uzi alifumba macho, akafumbua. "Yule nesi alisema sukari yangu imepanda kidogo, nirudie kipimo zahanati. Nikawaza, nirudie cha nini? Nyama yangu iko mkononi mwa dada yangu. Kikiwa kitu kikubwa atakiona. Halafu ile Jumapili nikakuuliza kabisa, ukasema asiyeambiwa hana tatizo." Akamtazama bila hasira hata chembe, na ingekuwa heri angekuwa na hasira. "Ulisema humjui, lakini nilidhani unajua, dada."

Maji ya beseni yalipoa mikononi mwangu. Nesi wa wodi akaja kuuliza kama tumemaliza.

Baadaye Uzi aliuliza swali moja tu kuhusu jambo hilo. "Lakini nilikufaa?" Dada Mkubwa akajibu, "Ulinifaa sana." Uzi akasema, "Basi mguu wamechukua bure, ila kile kipande kilikuwa na kazi. Usinitoe." Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alifariki siku chache baadaye, wakati mimi nimekwenda kumchemshia maji ya chai, na Dada Mkubwa amemshika mkono akihesabu mapigo.

Msibani watu walisema yao. Mzee mmoja wa mtaani alitikisa kichwa na kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimjibu vibaya mbele ya watu, na sijutii. Uzi hakuficha maradhi. Aliyaweka mkononi mwa mtaalamu aliyemwamini kuliko wote duniani, akaenda zake kushona nguo za watu akisubiri kuitwa.

Na hasira yangu haikuishia kwa mzee. Siku chache baada ya mazishi Dada Mkubwa aliniambia anakwenda kwenye kamati ya maadili kueleza kwamba Mwembamba alikuwa ndugu yake. Nilijua maana yake. Wangefuta ile namba, na ile makala yake, iliyokuwa imeshakubaliwa na jarida, ilisimama juu ya namba ile.

"Alikuomba usimtoe!" nilimwambia. "Alichanwa tumbo kwa ajili yako. Hata amekufa bado unamfukuza?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, kile cha kuoshea nywele, shingo ameilaza nyuma kwenye beseni tupu. Alizungumza na dari. "Wale wanaume wanne wanasema kidogo jambo hilohilo. Nitaanza upya na hao. Itachukua miaka." Kisha akasema, "Nikimwacha mle atabaki kuwa namba. Miaka mitatu nimekuwa na namba. Sasa nataka mdogo wangu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mbaya, kama mtu asiye na mazoezi, na machozi yakawa yanaingia masikioni kwa vile alivyolala. Nilifungua maji ya uvuguvugu, nikamwosha nywele.

Kamati ilifuta namba. Jarida likaiondoa makala, na wenzake wengine wakaacha kumsalimia kwenye ngazi. Anayetolewa mradini ana haki ya kipande chake kuteketezwa au kurudishwa kwa familia, na Dada Mkubwa akaomba kirudishwe. Tulikwenda pamoja kukichukua. Alivaa glavu, akafungua ile friji, mvuke ukatoka, akatoa kisanduku. Mdomo ulifunguka kwa mazoea. "Habari za asu..." Akaufunga. Vijana wa maabara waliinamia kazi zao. Aliweka kile kichupa ndani ya chupa ya chai tuliyoijaza barafu, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine, akaikumbatia njia nzima kwenye gari.

Mguu wake hospitali walikuwa wameuchoma wao, hatukuulizwa. Kwa hiyo hicho kidogo ndicho tulichokuwa nacho cha kumrudishia. Makaburini udongo ulikuwa bado haujashikana vizuri. Nilichimba kwa mwiko wa kupandia maua, si kina kirefu. Dada Mkubwa alipiga magoti, magoti yake ya uzee unaonyemelea, akatoa kile kipande, kikaanza kulainika kwenye kiganja chake. Alikiweka chini akakifukia kwa mkono. Nilidhani ataomba. Badala yake alisafisha koo, akavaa miwani, akaongea kwa ile sauti yake ya kazini, polepole, kama anavyoongea na mtu anayetaka aelewe.

"Mdogo wangu, nimekuja kukupa majibu yako. Homoni yako iko chini, iko chini sana. Usidanganywe na wembamba. Sukari inakuja, lakini tumeiwahi." Alipapasa udongo kuusawazisha. "Kesho asubuhi nakuja kukupima. Kabla hujala chochote."